Mama Mdogo si Mama Mfupi

Ijulikane kwa wote, wakubwa kwa wadogo, waliopo na wasiokuwapo, kwamba katika jengo lile la ghorofa hakupata kutokea mkalimani stadi kama Chumvi. Alikuwa na umri wa miaka kumi na miwili, na asubuhi hiyo mkalimani stadi alikuwa amepiga magoti chini ya kitanda, akitafuta soksi ya pili.

"Wewe mtoto, tutachelewa!" mama yake aliita kutoka jikoni. Alikuwa akiipiga pasi blauzi yake kwa mara ya pili. Mama alikuwa dobi hotelini. Kutwa alinyoosha mashuka ya watu, lakini leo kola moja tu ilimshinda.

"Abee mama, nakuja! Soksi imekimbia nchi."

"Usinitanie leo. Tukinyimwa, ni sisi tutakaoikimbia."

Siku hiyo mama alitakiwa kuhojiwa na ofisa wa uhamiaji kuhusu ombi lake la ukaazi wa kudumu. Kibali chake cha muda kilikuwa ukingoni. Akikubaliwa, wangeishi bila hofu. Akikataliwa, wangefungasha virago, na Chumvi angeaga shule, marafiki na kila alichokijua tangu chekechea.

Mama alijua lugha ya nchi ile kiasi cha salamu, sabuni na pasi. Mengine yote yalipitia kinywani mwa binti yake, nayo hayakutoka yalivyoingia. Lazima ayatie chumvi, na ndiyo maana watoto wa jengo lile walimpa jina hilo. Muhula uliopita mwalimu wa darasa alimwita mama, akazungumza uso umekunjamana. "Anasemaje?" mama aliuliza. "Anasema nina sauti nzuri, inasikika hadi darasa la jirani." Mama akamshukuru mwalimu kwa mikono miwili. Mwalimu alibaki ameduwaa.

Chumba cha mahojiano kilikuwa chembamba, chenye meza moja na saa ya ukutani iliyogonga kama inadai mtu. Ofisa, mama wa makamo mwenye miwani, alisema mkalimani wa ofisi hapokei simu. "Tuanze na binti, kwa maswali mepesi."

Maswali ya kwanza yalipita kama maji. Kisha ofisa akauliza, "Mwaka jana ulikuwa nje ya nchi wiki kadhaa. Kwa nini?"

Chumvi alitafsiri. Mama akajibu taratibu, "Mwambie nilikwenda kumuuguza mama mdogo. Ndiye aliyenilea."

Chumvi alisita. Katika lugha ya ofisi ile, mama mdogo, shangazi na mke wa mjomba wote waliitwa kwa neno moja, jepesi kama unyoya. Nani angehurumia wiki zote zile kwa ajili ya unyoya? Akaongeza chumvi kidogo. Kidogo tu.

"Alikwenda kumuuguza mama yake mzazi," alisema kwa sauti ya msibani. "Alikuwa mahututi."

Ofisa akavua miwani. "Mzazi? Mbona kwenye fomu ameeleza kwamba mama yake mzazi alifariki yeye akiwa mtoto mchanga?"

Saa iligonga.

"Anasemaje?" mama aliuliza.

"Anauliza... anauliza kama una kiu."

"Mwambie sina."

"Binti," ofisa alisema, "anayetoa taarifa za uongo, ombi lake hukataliwa. Mwambie mama yako hivyo, neno kwa neno."

Mama hakuelewa maneno, lakini uso wa ofisa aliuelewa. Akaushika mkono wa binti yake chini ya meza. Kiganja chake kilikuwa na makovu ya pasi. "Mwanangu," alinong'ona, "nimesema nini kibaya?"

Swali hilo lilimchoma Chumvi. Machozi yakamlenga.

"Mama hakudanganya," alimwambia ofisa. "Mimi ndiye niliyedanganya. Yeye alisema mama mdogo." Na neno hilo akalitafsiri lilivyo.

"Mama mdogo? Mfupi?"

"Hapana! Ni mrefu kuliko hata wewe. Ni mdogo wake mama. Kwetu, mdogo wa mama naye ni mama. Mmoja akifariki, mwingine anabaki."

Ofisa akapiga simu tena. Safari hii mkalimani alipokea. Ofisa akaweka spika, swali likaulizwa upya, na mama akajibu yale yale: mama mdogo, aliyenilea. Mkalimani alieleza huku akicheka. Ofisa alipekua faili la mama, akasoma cheti cha hospitali, akaandika, akavaa miwani, na hatimaye akagonga muhuri wa kukubali.

Wakiwa kwenye ngazi za nje, Chumvi alimweleza mama yote. Mama hakumgombeza.

"Mwanangu, mdomo wangu nimekukabidhi wewe. Hiyo ni amana. Ukweli wangu ulitosha kutuweka hapa. Uongo wako nusura ututoe. Chumvi ikizidi, chakula hakiliki."

"Nisamehe, mama."

"Nimekusamehe. Sasa nieleze jambo moja. Mwalimu wako siku ile alisema nini hasa?"

Chumvi aliinamisha macho, yakatua kwenye soksi zake mbili, kila moja na rangi yake.

"Alisema... napiga kelele kama jenereta."

"Na mimi nikamshukuru?"

"Kwa mikono miwili, mama."