Fomu ya Mgao wa Umeme

Siku ile mjinga alikuwa Mdomo, na tuliseme mapema asije akasingiziwa mwingine. Jina hilo la utani alipewa darasa la sita, kwa kuwa ulimi wake haukuwa na breki.

Kila asubuhi alifagia uwanja, akapiga pasi sare, kisha akamtania baba yake mdogo mpaka chai ipoe. Lakini mwezi ule maji ya bwawa la kuzalisha umeme yalikuwa yamekauka, na mgao wa umeme ulikaza kama kitanzi. Mtaa wao ulikuwa na laini mbili, ya juu na ya chini, na moja tu ndiyo ingebaki ikiwaka. Shangazi yake, aliyeishi ng'ambo ya pili ya mji, ndiye aliyepanga mgao huko ofisi ya umeme.

"Itabaki laini yenye mgonjwa anayeishi kwa mashine," alisema, akampa Mdomo fomu. "Pita nyumba kwa nyumba, mwanangu. Uliza, usikisie."

Mdomo alipita nyumba tatu, jua likamshinda. Laini ya chini yote akaiandikia "hakuna". Kwenye laini yao ya juu akaandika: "Mzee wa jirani, mashine ya kupumulia." Mashine yenyewe ilikuwa feni. Alicheka peke yake. Jumamosi kulikuwa na mechi.

Jumamosi saa tisa alasiri, laini ya chini ikazimwa. Mdomo na baba mdogo walikuwa wamejinyoosha mbele ya televisheni mlango ulipogongwa kwa nguvu. Alikuwa mjukuu wa fundi cherehani wa laini ya chini, pekupeku, akihema.

"Nisaidieni simu! Mashine ya oksijeni ya babu imezimika, na mtungi wa akiba unaisha!"

"Babu yako ana mashine? Tangu lini?"

"Tangu mwezi jana. Kwani wewe ulipita kutuuliza?"

Mdomo alinyakua simu ya baba mdogo, wakateremka mbio.

Chumba cha fundi kilikuwa kimya. Mzee aliketi ameshika ukingo wa meza kwa mikono miwili, midomo imepauka. Mshale wa mtungi ulikuwa umeingia kwenye rangi nyekundu.

"Shangazi," Mdomo alisema kwenye simu, "niliandika uongo. Mgonjwa yuko laini ya chini. Anakosa pumzi."

"Usikate simu," shangazi akamwambia.

Mshale ukashuka. Ukashuka tena, ukagota mwisho. Fundi alijaribu kusema, akaishia kuinua kidole. Mjukuu wake akaanza kulia. Ndipo mashine ikanguruma, na huko laini ya juu watu wakapiga yowe: umeme umekatika!

Jioni shangazi alifika. "Nimekosa na mimi, sikuhakiki," alisema. "Lakini sikia, Mdomo. Umeme ukiwa haba, wa kwanza kupewa ni yule asiyeweza kuishi bila huo. Ofisini hatumwoni, tunaisoma fomu tu. Ulipoandika 'hakuna', ulimfuta mtu. Kesho utapita nyumba zote, na kila mwenye nyumba atatia sahihi."

"Nitapita, shangazi. Zote."

Baba mdogo akaguna. "Sawa, ila laini nzima tukae bila umeme kwa ajili ya mtu mmoja? Na mechi ilikuwa imefika patamu!"

"Basi teremka," shangazi akamjibu, "ukamwombe fundi aache kuvuta pumzi mpaka refa apulize kipenga."