Skrubu ya Clavery

Mabomu ya vita vya Kagera yaliua masikio ya rafiki yangu Clavery wa Rubafu. Mapadri walimpeleka Ulaya, akarudi na skrubu iliyokazwa kwenye mfupa nyuma ya sikio. Akipachika kifaa chake hapo, anasikia kupitia mfupa.

Damian, mdogo wake, alipougua ukimwi, ambao wakati ule tuliuita Juliana, sauti ilimkauka. Akitaka maji, aligonga kikombe cha bati ukutani. Jumapili moja mama yao alikwenda misa, akamwachia Clavery mgonjwa. Clavery akakivua kifaa.

"Gonga mpaka uchoke, mzinzi wewe!"

Mama alirudi akakuta maiti. Walimzika kibanjani, kati ya migomba, pamoja na kikombe chake, kwa kuogopa kuambukizwa.

Siku nyingine mama alimtuma Clavery akakate ndizi. Alikwenda bila kifaa, kiziwi kabisa. Kibanja kilikuwa giza japo ni mchana. Kando ya kaburi aliukumbatia mgomba ili auinamishe, skrubu ikagusa shina.

Ngo. Ngo. Ngo.

Sauti ya bati, ndani ya fuvu lake. Alitupa panga akakimbia.

Juzi alinishika mkono, akakiweka kidole changu juu ya skrubu. Kilikuwa kikigongwa, kutoka ndani.