Chupa ya Jumanne

Jumanne ya kwanza ambayo mpenzi wake hakutokea, mshonaji alimwekea kiti kando ya cherehani kama kawaida, akawakatalia wateja watatu waliotaka kukikalia. Hadi soko linafungwa kiti kilikuwa kitupu. Moyo ukamwambia: ameenda kwa yule mwanamke anayempigia simu.

Walijuana miezi minne nyuma, hapo hapo sokoni, watu wakisukumana. Koti jeupe la yule bwana lilinasa kwenye msumari wa meza yake, likachanika begani. Alilishona likiwa mwilini, akamtania kuwa hajaona daktari anayezunguka na chupa ya chai kama mpishi. Yule akacheka, akasema yeye si daktari, ni mtu wa maabara tu. Tangu hapo kila Jumanne asubuhi alipita, akakaa robo saa, akaitwa mpenzi.

Tatizo ile chupa. Hakuwahi kummiminia hata tone. Na kila simu yake ilipolia, sauti ya kike iliuliza, "Bado ya moto?" Naye alijibu kwa upole, "Ya moto, dada. Naja."

Supu ya mtu hiyo, mshonaji aliamua. Basi kila bwana alipokwenda bombani kunawa mikono, mshonaji alimlegezea kifuniko cha chupa nusu mzunguko. Na ainywe baridi, bibi huyo.

Jumanne ya tatu bila kumwona, alipiga simu.

"Uko kwake?"

"Kwa nani? Niko nyumbani, mpenzi. Nimesimamishwa kazi."

Akamweleza kwa sauti iliyochoka. Chupani mlikuwa na ovari za nguruwe kutoka machinjioni, kwenye maji ya chumvi yenye joto la mwili. Maabara huyatoa mayai humo, huyakuza siku mbili, kisha hupima ni jeni zipi zimeamka na zipi zimelala, ili wajue yai zuri linatofautianaje na bovu. Mayai ya nguruwe hayavumilii baridi, na ya Jumanne yalikuwa yakiharibika yote. Mkuu wake, yule dada wa kwenye simu, alimshuku kuwa anazurura. Yeye naye alimshuku mchinjaji, akatukanana naye mbele ya watu, ndipo akasimamishwa.

"Mbona hukuniambia?"

"Ungekubali nikushike mkono, nimetoka kushika matumbo ya nguruwe?"

Mshonaji aliondoa mguu kwenye kanyagio la cherehani.

"Kifuniko nilikuwa nakilegeza mimi," akasema. "Nilidhani ni supu."

Bwana hakucheka. Alikata simu.

Kesho yake mshonaji alifunga meza, akaenda maabara mwenyewe, akamweleza yule dada kila kitu, macho chini. Wiki iliyofuata bwana alirudishwa kazini.

Siku hizi Jumanne anapita tena. Chupa imevaa mfuko mnene wa pamba alioshonewa na mshonaji, na robo saa yao ni ile ile, na utani wao. Anapokwenda bombani kunawa, huichukua chupa yake.