Kompyuta Namba Nne

Foleni ilianzia kwenye mlango wa duka la intaneti, ikapinda mpaka kwa fundi viatu, na kila aliyesimama alikuwa amenuna. Ilikuwa siku ya mwisho ya kujiandikisha kwa mtihani wa kompyuta. Karani wa masjala ya hospitali alikuwa mtu wa kumi na nane. Alivaa gauni la bluu lenye kola nyeupe na viatu vya chini, na kwapani alibana bahasha iliyomkosesha raha wiki nzima. Miaka kumi na moja alikuwa amekaa dirisha la pili, mgonjwa akitaja jina tu, mkono wake umeshafika rafuni. Sasa mafaili yote yanaingizwa kwenye kompyuta, na barua ilisema makarani wafanye mtihani wiki tatu baada ya kujiandikisha. Atakayefeli atahamishiwa bohari, nje ya mji, akatunze vitanda vibovu.

Alipofika mbele, mwenye duka, ambaye watu wote walimwita Fundi, alimuuliza anwani yake ya barua pepe bila kuinua macho.

“Sina.”

“Neno la siri je?”

“Nitakuwaje na neno la siri la kitu nisichokuwa nacho?”

Nyuma watu wakaguna. Fundi ndipo akamtazama. Alikuwa mwanamume mrefu, shati la mikono mifupi, mfukoni kaweka bisibisi pale wenzake wanapoweka kalamu, na macho ya mtu aliyeulizwa swali lile lile tangu asubuhi. Akamvutia kiti kwenye kompyuta namba nne, iliyo pembeni ya meza yake, akamfungulia barua pepe. Akamwambia abuni neno la siri, asimwambie mtu yeyote. Karani akabuni, kisha akaliandika huku akilitamka, herufi moja moja, kwa sauti ile ile ya kuita wagonjwa.

“Buni jingine,” Fundi akasema. “Hilo tumeshalijua wote.”

Basi ndivyo walivyojuana. Fundi akajitolea kumsomesha kila alasiri akitoka kazini, na kila siku akamtumia maelezo ya mtihani kwenye barua pepe yake mpya, ayasome hapo hapo dukani.

Siku za kwanza waliudhiana kweli kweli. Kibodi na kipanya ni vya kuingiza, skrini na printa ni vya kutoa, hayo aliyameza. Maunzi ni kile unachoweza kukishika, programu ni maagizo yanayokiendesha. Hayo nayo akayameza, ingawa kwa kukunja uso. Lakini alipoambiwa kwamba kompyuta ina kumbukumbu mbili, moja ya muda na nyingine ya kudumu, alisema hajawahi kuona kitu chenye kumbukumbu mbili kikasahau kiasi hiki. Siku hiyo alikuwa amechapa majibu ukurasa mzima, umeme ukakatika, majibu yakapotea.

“Ulihifadhi?” Fundi akauliza.

“Niliyaacha hapo juu, ningerudi.”

“Hapo juu ni kama meza yako kule masjala. Umeme ukienda, meza inafagiliwa. Diski ndiyo rafu. Usichokipeleka rafuni, hukioni tena.”

Kwa mara ya kwanza kitu kilikuwa kimeingia kichwani mwa Karani kikakaa.

“Ungeanza na meza tangu Jumatatu,” akasema. “Umenichosha bure.”

“Sikujua kama una meza.”

Jambo moja tu lilimshinda Fundi. Karani hakutaka kompyuta nyingine. Kama namba nne ina mtu, yeye husimama na mkoba wake akingoja, na nyingine tano ziko tupu. Fundi akaanza kukipangusa kile kiti kabla hajafika. Mara akaweka mto. Mara dirisha la upande ule likapata pazia, jua lisimpige. Karani aliyaona yote hayo akasema moyoni kwamba mtu huyu anajua biashara.

Huku asubuhi alikuwa na balaa lake jingine. Mzee mmoja wa kisukari alikuja kila wiki, na kila wiki alipanga foleni ya dirisha la pili hata kama la tatu halina mtu. Karani alimweleza mpaka koo likakauka. Babu, mafaili yako nyuma, rafu ni zile zile, dirisha lolote utapata faili lako. Mzee aliitikia kwa kichwa vizuri tu, wiki ijayo yuko pale pale.

Ilikuwa imebaki wiki moja. Alasiri hiyo namba nne ilikaliwa na mtu aliyeandika barua ya kuomba kazi, herufi moja kila alipokumbuka iko wapi. Karani alisimama nyuma yake nusu saa. Alipokaa hatimaye, Fundi alivuta kiti, akashusha sauti.

“Nimeshaelewa kwa nini huitaki nyingine.”

“Kama umeelewa, mbona unawakalisha watu hapa?”

“Nilikuwa nangoja useme mwenyewe.”

“Niseme nini?”

“Kwamba unapenda kukaa karibu na mimi.” Akapangusa viganja kwenye suruali. “Hata mimi napenda.”

Karani alimtazama kama mtu aliyepewa faili la mtu mwingine.

“Fundi, mimi nakaa hapa kwa sababu barua zangu zimo humu.”

“Zimo wapi?”

“Humu.” Akaligonga lile sanduku jeusi chini ya meza. “Si ulizitia humu siku ile? Nikikaa kwingine nitazisomaje?”

Fundi alicheka. Alijaribu kujizuia, akafunika mdomo, kikamponyoka kicheko kirefu mpaka akashika meza. Alikuwa anajicheka mwenyewe, wiki mbili za mto na pazia, kumbe mpinzani wake ni sanduku. Lakini hilo lilikuwa ndani yake. Kilichoonekana nje ni mwanamume anamcheka mwanamke mbele za watu, na watu wamegeuza shingo.

“Wiki mbili unanisomesha,” Karani akasema, akiuchukua mkoba, “na jambo hilo moja hukuniambia.”

“Hukuuliza, dada.”

“Nitaulizaje kitu nisichokijua?”

Akatoka. Maelezo yake yote, kwa alivyojua yeye, akayaacha ndani ya sanduku.

Nyumbani alikoishi na shangazi yake, mshonaji wa mapazia, aliosha sufuria moja mara tatu. Shangazi alingoja mpaka ya nne, akauliza. Alipokwisha kusimuliwa, alikata uzi kwa meno.

“Kwa hiyo mtu amekutamkia, na wewe ukamjibu habari za sanduku.”

“Shangazi, alinicheka.”

“Nimesikia. Hata mimi nimejizuia.”

Fundi alipiga simu mara tatu, haikupokelewa. Ya nne Shangazi aliipokea, akaibandika sikioni mwa Karani, ambaye mikono yake ilikuwa na povu.

“Maelezo yako hayapo kwangu,” Fundi alisema haraka, kama anayejua atakatwa. “Fungua kompyuta yoyote, hata ya kazini.”

“Ili nichekwe na kazini pia?”

“Dada, nakuomba.”

“Dada yako nani?”

Akamwambia Shangazi akate.

Siku iliyofuata kulikuwa na watu wengi masjala, na mzee wa kisukari alikuwa wa mwisho kwenye foleni ya dirisha la pili. La tatu lilikuwa tupu, karani wake anajipepea kwa kadi. Karani wetu alikuwa amelala vibaya. Akaanza kueleza kwa hasira, babu, hili ni dirisha tu, faili halikai hapa, faili liko nyuma, na dirisha lolote...

Akaishia hapo. Mkono ulibaki hewani.

“Unaumwa, binti?” mzee akauliza.

“Hapana, babu. Nimejisikia ninavyosema.”

Watu walipokwisha, alikwenda kwenye kompyuta mpya ya masjala, iliyokuwa bado na nailoni yake. Akafungua kivinjari, akaandika anwani yake, akaandika neno la siri, safari hii midomo imefungwa. Barua zikajipanga zote kumi na nne. Hapana. Kumi na tano. Mpya ilikuwa ya jana.

“Barua zinakaa kwenye seva, mbali,” Fundi alikuwa ameandika. “Seva ndiyo rafu zako za nyuma. Kompyuta zangu sita ni madirisha tu. Ningesema hivi mapema usingenichukia. Nilijicheka mwenyewe, maana mto ule niliuweka kwa sababu yangu, si ya barua. Namba nne nimeibandika karatasi ya IMEHARIBIKA. Haijaharibika, sikutaka mtu aikalie. Swali la kumi na mbili la mazoezi jibu lako ni sahihi, usilifute.”

Aliisoma mara mbili, akaudhika kwamba hasira imepungua bila ruhusa yake. Kujibu hakujibu. Somo la kujibu barua walikuwa hawajalifikia, na kumuuliza asingemuuliza kabisa. Siku zilizobaki alisoma kwenye kompyuta ya kazini, na jibu la kumi na mbili hakulifuta.

Mtihani ulikuja na swali: barua pepe huhifadhiwa wapi? Msimamizi alimuona mama mzima anatabasamu peke yake, akamsogelea kuangalia kama ana karatasi ya kuibia. Matokeo yalitoka baada ya siku tano. Alifaulu. Dirisha la pili likabaki lake, na vitanda vibovu vikatafutiwa mtu mwingine.

Asubuhi hiyo mzee wa kisukari alifika, foleni ile ile. Karani alimwambia taratibu kwamba sasa mafaili yamo kwenye kompyuta, hata dirisha la tatu linamuona.

“Binti yangu,” mzee akasema, “hilo la dirisha lolote nalijua tangu mwaka juzi.”

“Sasa mbona unanisumbua, babu?”

“Faili liko kokote. Anayeniuliza miguu inaendeleaje yuko hapa.”

Alasiri Karani alivaa gauni la njano ambalo Shangazi alilipiga pasi bila kuulizwa. Duka lilikuwa na watu wawili tu. Fundi alisimama. Karani alizipita kompyuta tupu, akaibandua karatasi ya IMEHARIBIKA, akaikalia namba nne. Akachapa polepole, akabonyeza kitufe cha kujibu, kisha cha kutuma.

Hatua mbili kutoka hapo, kompyuta ya Fundi ikalia. Akainama, akasoma:

“Barua zangu hazimo humu, hilo swali nililipata. Nimekaa hapa hata hivyo. Jumamosi uje nyumbani, Shangazi anataka kumuona mtu aliyenicheka. Na usiniite dada tena.”

Alisoma mara mbili, naye. Akaichukua ile karatasi mkononi mwa Karani, akawaomba radhi wale wateja wawili, akawasindikiza nje, akaibandika mlangoni. Wakabaki kibarazani wanaguna, wakiuliza duka zima linaharibikaje kwa mara moja.