Kamba za Upande wa Ziwani

Kengele ya saa sita ilipolia, Robi alifunga daftari lake na kutoka mbio hadi kwenye kibanda cha mama yake. Kibanda hicho kilikuwa nje ya geti la kiwanda cha minofu ya sangara kilichokuwa kikijengwa ukingoni mwa ziwa, pembeni mwa mji wa Musoma. Mama yake, Dorkas, aliwapikia mafundi. Robi aligawa maji ya kunawa, akaosha sahani, akala samaki aliyebaki, kisha akarudi darasani. Alikuwa darasa la sita, na kazi ile aliipenda kwa sababu mafundi walikuwa watu wa utani. Ugali ulipokuwa ukiiva walitaniana kikabila na kucheka mpaka machozi.

Lakini wiki ile hakuna aliyecheka. Mafundi waliketi kwenye kivuli cha ukuta, nje ya geti, zana zao zikiwa miguuni, wakila bila kusema. Ndani ya geti watu wengine ndio waliokuwa wakifanya kazi yao.

Baba yake Robi, Nathanieli, alikuwa fundi mwashi. Kwa miaka mingi alijenga majengo ya serikali, hadi mashirika ya umma yalipoanza kupunguza watu, naye akapunguzwa. Alikaa nyumbani muda mrefu. Kampuni yenye mtaji ilipokuja kujenga kiwanda alimshukuru Mungu, na wenzake wakamchagua kuwa mwenyekiti wa tawi la chama cha wafanyakazi pale kazini. Haikupita muda akagundua kwamba mirunda ya jukwaa, ile miti wanayopandia mafundi, ilikuwa mibovu, na kwamba mtu akiumia anarudi kwao na jeraha lake. Alimwendea msimamizi kwa adabu, mara ya kwanza na ya pili.

"Mzee, dunia imebadilika," msimamizi alimjibu. "Hii ni biashara huria. Asiyetaka, njia nyeupe."

Wanachama wakaweka zana chini. Kesho yake lori likaleta vibarua kutoka vijiji vya Bunda na Mugango. Hawakuwa na chama wala mkataba. Walilipwa kila jioni, na kesho yao hawakuijua.

Mmoja wa watu wa mjini waliojiunga nao alikuwa Masatu, baba yake Tereza. Tereza na Robi walikaa dawati moja, na Robi alikwisha kula kwao mara nyingi. Masatu alikuwa mvuvi wa Mugango aliyehamia mjini baada ya nyavu zake kuibwa. Tangu alipojiunga na watu wa lile lori, watoto wa mafundi walimwita Tereza mtoto wa msaliti. Robi hakumwita hivyo, lakini hakumtetea pia. Alihamia dawati la nyuma, na Tereza akabaki peke yake.

Mchana mmoja kibarua kijana aitwaye Mayala alitoka getini akaja kibandani. Midomo yake ilikuwa imepauka kwa vumbi la saruji.

"Shikamoo, mama. Naomba maji ya kunywa. Ndani pipa limekauka."

Dorkas akachota maji. Kabla hajamfikishia, Nyamhanga alisimama. Alikuwa fundi seremala, mwanachama hodari, na Nathanieli alimpenda kama mdogo wake.

"Mama Robi, unampa maji huyu anayekula jasho letu?"

"Maji hayana chama," Dorkas alisema, akampa Mayala kikombe.

Mayala alikunywa harakaharaka, macho yake yakiruka kutoka uso mmoja hadi mwingine. Nyamhanga aliketi tena. Alianza kunoa panga lake juu ya jiwe, taratibu, bila kulitazama, na sauti ile ya chuma ilimfuata Robi mpaka shuleni.

Siku iliyofuata maneno yalionekana ukutani, kando ya geti, yameandikwa kwa mkaa: MLIOPANDA MTASHUKA. Nathanieli aliyasoma, akaloweka gunia, akayafuta mwenyewe. Kisha akawaita wanachama wote.

"Sisi tunadai haki," aliwaambia. "Hatutarusha jiwe, wala hatutamgusa mtu. Hawa tunaowaita wasaliti wanakimbizwa na njaa ileile inayotukimbiza sisi. Tumeelewana?"

Wakaitikia wote. Nyamhanga aliitikia pia, ila alikuwa akiangalia jukwaa.

Jumapili, baada ya ibada, Dorkas alimtuma Robi akafue sare za shule. Robi alikwenda kwenye mawe makubwa ya ziwani, nyuma ya kiwanda. Siku hiyo hapakuwa na kazi, na mlinzi alikuwa amekwenda kula. Upepo ulikuwa umetulia kabisa, na ziwa lilikuwa la kijivu kama bati kuukuu. Robi alisikia kitu kikikwaruza, kinaacha, kinakwaruza tena. Akainua macho.

Nyamhanga alikuwa juu ya jukwaa, upande wa ziwani, ameinama kwenye fundo linalofunga mirunda. Panga lilikwenda mbele na nyuma. Hakuikata kamba ya katani yote. Aliacha nyuzi chache, akahamia fundo jingine.

Robi alidhani anatengeneza. Kisha akaona jinsi alivyokuwa akitazama huku na huku, akajua kwamba hatengenezi.

Nyamhanga aliposhuka alimkuta pale, sare mkononi, povu likimdondoka. Hakukasirika. Alichuchumaa mbele yake na kusema kwa upole, "Umekuja kufua, mwanetu?"

Robi aliitikia kwa kichwa.

"Sikiliza. Kuna mambo mtoto akiyaona, anayaacha palepale alipoyaona. Jukwaa litalegea kidogo, wataogopa, watarudi kwao. Baba yako atapata kazi yake. Hakuna atakayeumia." Alifuta panga kwenye suruali. "Ukisema, hawatanifunga mimi. Watamfunga baba yako. Yeye ndiye mwenyekiti wetu. Unataka baba yako afungwe?"

Aliondoka akipita mawe kwa mawe. Robi alimaliza kufua bila kujua anafua nini.

Jioni ile Robi alimega ugali, akauacha sahanini. Baba yake alimtazama, akamgusa paji la uso kwa nyuma ya kiganja. "Una homa?"

"Hapana, baba."

"Basi kula, mwanangu. Kesho shule."

Mara mbili Robi alifungua mdomo. Mara mbili aliiona mikono ya baba yake, iliyochubuliwa na saruji, ikiwa ndani ya pingu, naye akaufunga. Alijiambia kwamba huenda wataliona fundo kabla ya kupanda. Huenda mvua itanyesha, kazi isifanyike.

Jumatatu kulikucha jua kali. Darasani, Mwalimu Marieta alikuwa akiandika hesabu ubaoni. Robi alimwangalia Tereza mgongoni kwa muda, kisha akainama na kumnong'oneza.

"Baba yako amekwenda kazini?"

Tereza aligeuka, akashangaa. Siku nyingi zilikuwa zimepita Robi hajamsemesha. "Amekwenda. Leo wanapanda juu kabisa kupiga lipu. Upande wa ziwani."

Robi alisimama. Mwalimu Marieta aliuliza, "Unakwenda wapi?"  Robi alipita mlangoni, akakimbia.

Nje ya geti wanachama walikuwa wameketi mahali pao pa kila siku. Nathanieli alikuwa katikati, na aliyekaa ubavuni mwake, bega kwa bega, alikuwa Nyamhanga. Nyamhanga alimwona Robi akija. Alimkazia macho, akatikisa kichwa polepole.

Robi hakusimama mpaka alipofika mbele ya baba yake.

"Baba, kamba za jukwaa zimekatwa. Upande wa ziwani. Nyamhanga alizikata jana. Nilimwona."

"Mtoto huyu ameota," Nyamhanga alisema.

Nathanieli alimgeukia. "Nitazame." Nyamhanga alitazama chini. "Nimesema nitazame, Nyamhanga."

Hakumtazama. Nathanieli hakungoja zaidi. Alikimbilia getini, mlinzi akamzuia kwa rungu. "Mzee, umekatazwa kuingia humu."

Nathanieli akapaza sauti kutoka palepale. "Shukeni. Kamba zimekatwa. Shukeni wote."

Juu ya jukwaa vibarua waligeuka. Mmoja wao akacheka. "Hamkuweza kutufukuza kwa maandishi, sasa mnatufukuza kwa maneno. Tulitarajia mtakuja na hiyo." Wakaendelea kupiga lipu.

Hapo Robi aliinama, akapita chini ya mkono wa mlinzi, akakimbia mpaka chini ya ukuta.

"Baba Tereza," aliita. "Baba Tereza, mimi Robi."

Masatu aliinama kutazama. "Robi, toka hapo chini, utaangukiwa na kitu."

"Niliona kwa macho yangu. Alikuwa na panga, na mimi nilikuwa nafua pale mawe. Tazama mafundo, baba. Tafadhali tazama."

Masatu alikuwa amempakulia mtoto huyu samaki kwa mkono wake mwenyewe. Aliweka mwiko chini, akapiga goti, akalipapasa fundo lililokuwa karibu na mguu wake. Aliponyanyuka, uso wake ulikuwa umebadilika. Alizungumza kwa sauti ndogo, kama mtu aliyemkuta nyoka chumbani.

"Jamani, tushuke. Mmoja mmoja. Msirukeruke."

Walianza kushuka. Mirunda ililia. Masatu alishuka akamshika Robi mkono, akamvuta mbali na ukuta. Aliyebaki juu alikuwa Mayala. Alikuwa mwisho kabisa wa jukwaa, ameshikilia ndoo nzito ya lipu, akihofia kuiachia isije ikawaangukia wenzake walio chini.

"Iache," Masatu alisema. "Mayala, iache, sisi tumeshatoka."

Kamba ilikatika kwa mlio mdogo tu. Kisha upande mzima wa ziwani ukalala, mti mmoja baada ya mwingine, na vumbi likaficha kila kitu.

Wanachama waliokuwa nje walimpita mlinzi kana kwamba hayupo. Waliinua mirunda pamoja na vibarua, mikono juu ya mikono, na hakuna aliyeuliza nani ana kadi na nani hana. Walimkuta Mayala yu hai. Mguu wake wa kulia ulikuwa umevunjika mahali pabaya, na alikuwa akiuma kola ya shati lake asilie.

"Leteni pikapu ya kampuni," Nathanieli alisema.

Msimamizi alisimama pembeni, mikono kiunoni. "Huyo si mwajiriwa wetu. Ni kibarua. Mapatano yetu naye huisha jioni."

"Jioni haijafika," Nathanieli alijibu.

Watu wote walikuwa wamegeuka wanamtazama msimamizi, wenye chama na wasio na chama. Alitoa ufunguo.

Nyamhanga hakukimbia. Polisi walimkuta ameketi palepale kwenye kivuli, akilia. Alisema mwenyewe kwamba hakuna aliyemtuma, na kwamba mwenyekiti alikuwa amewakataza. Nathanieli alimsindikiza hadi kituoni, lakini hakumwombea aachiwe. Kwa ajili hiyo baadhi ya wanachama waliacha kumsalimia, na mama yake Nyamhanga alipokutana na Dorkas sokoni alipita kama hajamwona.

Afisa kazi wa serikali alikuja, akalitazama lile rundo la miti, akafunga kazi mpaka jukwaa jipya lijengwe. Vibarua wengine walirudi vijijini kwao. Waliobaki, Masatu akiwa mbele, walimwendea Nathanieli, wakaomba kuingia chamani. Mwanzoni kulikuwa na manung'uniko. Hata hivyo, wote waliokuwa pale waliona kwa macho yao jinsi mtu asiye na wa kumsemea anavyokataliwa hata gari la kumpeleka hospitali. Walikwenda kwa mkandarasi, mwenye kampuni ile ya ujenzi, wakiwa kundi moja. Safari hii hakupata watu wa kuwaleta kwa lori, kwa kuwa habari zilikuwa zimefika Bunda kabla yake. Alikubali kujenga jukwaa imara, akakubali kumtibu Mayala, na mafundi wa zamani wakarudi kazini pamoja na waliokuja.

Siku moja baada ya shule Nathanieli alimchukua Robi kwenda hospitali. Njiani Robi alimwambia baba yake kitu kilichokuwa kikimtafuna moyoni. Nathanieli alisikiliza mpaka mwisho. "Hayo usiniambie mimi," alisema. "Mwambie mwenyewe."

Mayala alikuwa amelala chali, macho wazi, mguu umening'inizwa. Robi alisimama kando ya kitanda.

"Kaka Mayala, mimi niliona tangu Jumapili. Niliogopa baba angefungwa. Nikanyamaza."

Mayala aliutazama mguu wake. Uso wake ukawa mgumu, na Robi alitamani kutoka.

"Ungesema Jumapili," hatimaye Mayala alisema, "sasa hivi ningekuwa nimesimama. Sitakudanganya kwamba siumii moyoni." Alijigeuza kidogo, akakunja uso kwa maumivu. "Lakini usingesema Jumatatu, ningekuwa kaburini, na Masatu ubavuni mwangu. Hayo yote mawili ni kweli, mdogo wangu. Yabebe yote mawili."

Robi alilia. Nathanieli alimwekea mkono begani.

"Umesikia, mwanangu," alisema. "Mtu akikuambia unyamaze kwa faida ya watu wako, jiulize ni nani atakayeumia kwa kunyamaza kwako. Ukweli ukiusema mapema, wewe ndiye unayeulipia, kwa hofu yako tu. Ukiuchelewesha, unalipiwa na mwingine."