Bekiye ya Edmond na Mayai ya Domitille

Kila asubuhi katika mtaa wa Mapendo, mjini Goma, Edmond hupakia mayai kwenye pikipiki yake. Mayai ni ya mke wake, Domitille. Yeye huvuka mpaka, huyanunua Gisenyi na kuyaleta nyumbani katika trei. Edmond huyapeleka madukani. Wamefanya kazi hiyo miaka mingi, huku wakitaniana.

Lakini Jumatatu ile hakuna aliyetania.

Pikipiki ilikuwa na mguu mmoja tu wa kuegemea, ule wa pembeni. Na uwanja wao ni wa mawe meusi ya volkano, ambayo hayajui kulala sawa. Edmond alizoea kuweka jiwe bapa chini ya mguu ule. Jumatatu jiwe lilivunjika. Pikipiki ikaanguka na trei zote. Ute wa mayai ukatiririka mpaka mlangoni. Petroli nayo ikamwagika karibu na mbabula, jiko la makaa ambalo Domitille alikuwa akipikia uji. Joviale, binti yao wa miaka mitano, alikuwa ameinuka hapo muda mfupi tu uliopita.

Domitille akaliondoa jiko mbio. Kisha akamkumbatia mtoto.

"Papa Joviale," akasema, "Mungu ametulinda. Lakini mayai yangu haitapanda tena kwa hii moto. Siku ya posho, mayai ya komunyo nitaituma na tchukudu."

Moto ni pikipiki, na siku ya posho ni Jumamosi. Jumamosi hiyo watoto wa parokia walikuwa wapokee komunyo ya kwanza, na mama wengi walikuwa wameagiza mayai. Tchukudu ni ule mkokoteni wa mbao wa magurudumu mawili unaosukumwa kwa mguu. Edmond aliumia moyoni. Kunyang'anywa mayai na tchukudu! Mwanamume mwenye pikipiki!

Akaenda sokoni kununua bekiye ya kati. Ni chuma chenye miguu miwili kinachofungwa chini ya pikipiki. Ukikishusha, pikipiki inasimama wima, haiegemei upande wowote.

Alhamisi mchana akaanza kuifunga mwenyewe. Ili pikipiki isianguke, akapanga mawe matatu chini ya injini. Ndiyo, mawe yaleyale! Mtu wa Goma hujengea jiwe, hukalia jiwe na huzuilia mlango kwa jiwe. Akipata shida, mkono wake huenda kwenye jiwe wenyewe.

Akaingiza bulo ya bekiye, ile bolti inayoishikilia. Ikabaki resori, ile springi nene inayorudisha bekiye juu. Edmond akaivuta kwa bisibisi. Akaivuta tena, kwa nguvu zaidi. Resori ikachomoka, ikapita karibu na sikio lake na kuruka ukuta.

Upande wa pili sauti ikasema, "Nani anataka kuniua leo?"

Akaingia jirani yao, muzee Havugimana, ameshika resori mkononi. Yeye hutengeneza tchukudu, na tchukudu nazo zina resori. Anazijua kama anavyowajua watoto wake.

"Papa Joviale," akauliza, "jicho ya mutu inauzishwaka wapi?"

"Munisamehe, muzee. Iliniponyoka."

"Ningelijua, ningelivaa kofia ya chuma. Na hii mawe inafanya nini chini ya moto?"

Muzee akachukua jiwe lingine na kuligonga kwa nyundo. Likavunjika vipande vipande.

"Angalia hii matundu," akasema. "Volkano iliitapika na hewa ndani. Kwa ukuta, iko muzuri. Kwa kubeba moto, hapana ata kidogo. Ngoja."

Akaenda kwake. Akarudi na gogo fupi la mkaratusi, ubao mpana na kipande cha mpira wa tairi la ndani.

"Tuanze upya. Mbabula iko wapi?"

"Iko ndani ya cuisine, mbali," Edmond akasema, akionyesha chumba cha kupikia.

"Muzuri. Injini imepoa?"

"Imepoa."

"Robine ya petroli umefunga?"

Edmond akainama na kuifunga ile koki ya petroli.

Waliyaondoa mawe. Mguu wa pembeni wakauweka juu ya ubao. Breki ya mbele wakaifunga kwa mpira ili gurudumu lisisogee. Gogo likaenda chini ya fremu, mbali na bomba la moshi. Kisha muzee akaita, "Mama Joviale! Njoo ushike guidon."

Domitille akatoka amekunja mikono. "Mimi? Mimi na hii moto hatusemezane."

"Shika tu. Mutasemezana kisha."

Akashika usukani. Muzee akaichomoa ile bulo. Ilikuwa kavu kabisa. Akaipaka grisi, akairudisha, akaikaza. Mwishoni mwa bulo akatia pini ndogo na kuikunja ili bulo isitoke njiani.

"Sasa resori," akasema. "Muko na makuta ya chuma?"

"Ya Rwanda iko mingi ndani ya mukebe," Domitille akajibu. "Inanibakiaka nikitoka Gisenyi. Huku hainunue ata bonbon." Akauleta mkebe, umejaa sarafu.

"Leo itafanya kazi. Lakini kwanza, nani iko na lunettes? Resori haichagulake jicho."

Miwani ya nyumba ile ilikuwa moja tu, ya jua, ambayo Domitille huvaa akienda misa. Ina maua pembeni. Edmond akaivaa. Joviale akacheka mpaka akakaa chini. Domitille naye akacheka, mara ya kwanza tangu Jumatatu. Edmond alifurahi sana kusikia kicheko kile, hata akasahau maua.

Wakaenda kwenye karakana ya muzee. Muzee akabana ncha ya resori kwenye jiliwa, kile chuma cha kubania vitu. Akaikunja upande mmoja. Mizunguko ya resori ikaachana kidogo. Edmond akaingiza sarafu katika kila pengo. Muzee akaikunja upande wa pili, Edmond akaingiza nyingine. Walipoiachia, resori ilikuwa imekuwa ndefu na ikabaki hivyo.

"Unaona? Haukupigana nayo," muzee akasema.

Wakarudi kwenye pikipiki. Bekiye ikiwa juu, Edmond akaweka uso pembeni. Kwa koleo akaingiza ncha moja, halafu ya pili. Ikaingia bila kelele. Kisha akaisukuma bekiye chini kwa mguu. Resori ikavutika, na sarafu zikaanguka moja moja, ting, ting, ting.

"Kumbe leo moto njo inataga!" Domitille akasema.

Muzee akaiachia bekiye. Ikarudi juu na kukaa imara. Akazungusha gurudumu ahakikishe kwamba bekiye haigusi mnyororo. Halafu wakaondoa gogo na mpira.

"Weka miguu ya bekiye juu ya ubao," akasema. "Yote miwili iguse pamoja. Usivute moto na mugongo. Kanyaga bekiye na uzito yako yote. Mukono inaongoza tu. Na muzigo ukipakia, pande mbili ziwe sawa."

Edmond akavuta kwa mgongo, maana mazoea ni mazoea. Ikakataa. Domitille akamsogeza pembeni, akakanyaga mara moja. Pikipiki ikasimama wima.

"Haa," akasema.

Jumamosi asubuhi Bienvenu, kijana wa tchukudu, alifika mlangoni. Domitille alikuwa amemwita tangu Jumatatu. Alimkuta anapakia trei kwenye pikipiki, moja kulia, moja kushoto. Alipomaliza aliondoa mikono yote miwili na kurudi nyuma. Edmond alikuwa ameacha hata kupumua. Pikipiki haikutikisika.

"Mama, mayai njo ile nabeba?" Bienvenu akauliza.

"Wewe utabeba makala ya mbabula na viazi ya sikukuu," Domitille akajibu. "Mayai, hapana. Mayai inaenda na Papa Joviale."

Edmond akawasha pikipiki na kuondoka polepole.

Saa sita alirudi na trei tupu. Siku ile yalivunjika mayai matatu tu. Domitille mwenyewe ndiye aliyeyavunja, kwenye kikaango, kwa ajili ya mume wake.