Chubwi Kwenye Mkia wa Ndege

Biasha alizoea kumpelekea baba yake chakula cha mchana kwenye kiwanja kidogo cha ndege cha Diani. Ilikuwa miaka ya mwanzo ya uhuru, na baba yake, Matano, alikuwa fundi wa ndege ndogo ya abiria.

Siku hiyo aliwaamkia baba yake na wenzake wawili wa kazi, "Shikamooni," lakini waliitikia kwa kununa. Kibao cha mkia, kile kinachoinua na kushusha pua ya ndege, kilikuwa kimening'inizwa kwa bawaba zake juu ya mihimili miwili. Upande wake wa nyuma ulikuwa umeinama.

"Jana kilikaa sawa," Matano alisema polepole. "Rangi mpya ilikiongezea uzito nyuma, nikaweka kipande cha madini ya risasi mbele ili nikikaze leo. Sasa hakipo."

"Mlinzi ni Tsuma," alisema Nzai, mpaka rangi. "Na Tsuma ni mvuvi. Mvuvi na risasi ni paka na dagaa!"

"Ninazo chubwi zangu za kuzamishia mshipi," Tsuma alijibu. "Paka ndege rangi, Nzai, usinipake mimi matope."

"Basi ule papai la kiapo. Mwizi huvimba midomo."

"Kamwite mganga! Nitalila na mbegu zake."

Biasha alijua kilipo. Jana alikikuta kipande kile kimewekwa tu juu ya kibao, akakichukua akampa babu yake akifunge kwenye mshipi wa kuvulia. Kwao, risasi ilikuwa chubwi, basi. Na kama papai lingekosea, likamvimbisha Tsuma?

"Baba, ndege haiwezi kuruka bila hicho?"

"Umeona ukuti uliolegea paani upepo wa kusi ukivuma? Hutetemeka, huzidi, mwisho hung'oka. Kibao kizito nyuma hufanya hivyo ndege ikienda kasi. Kikivunjika angani, nani atakishika?"

Nzai alikuwa keshapanda baiskeli kumfuata mganga. Biasha akaikamata nyuma.

"Ami Nzai, usiende! Nilichukua mimi. Nilidhani ni chubwi."

Alikimbia nyumbani, akarudi na kile kipande kikinuka samaki. Matano alikifuta, akakiweka mbele. Kibao kikainuka taratibu, kikatulia.

"Nisamehe, Tsuma," Nzai alisema.

"Lete hilo papai tulile na ndimu, bila kiapo."

Matano hakucheka. "Kibao nilikipima mara tatu. Nzai, Tsuma umemhukumu bila kumpima. Nawe Biasha, jana ulikosa kwa kutojua. Leo ulikosa kwa kunyamaza. Uzito wako ukiuficha, mwenzako ndiye huinama."